Aliyeomba Maji Mbele ya Mtukufu

Nchi hii sitaitaja kwa jina lake halisi. Si kwa woga, ila nina watoto wanaosoma. Tuiite Utamuni. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na ukiona inafanana na nchi unayoifahamu, basi kamuone daktari wa macho, mimi simo. Kazi yangu huko ni kufunga vipaza sauti kwenye hafla za serikali. Fundi spika akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemtazama, kwa hiyo mimi nimeona mengi.

Kwanza lazima nikueleze mambo ya soda. Utamuni mtu hajulikani kwa sura wala kwa elimu, anajulikana kwa chupa iliyo mbele yake. Kwenye meza kuu, soda nyeusi ni ya wakuu: mawaziri, wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya. Soda ya machungwa ni ya wakurugenzi. Ya kijani ni ya madiwani, na nyekundu ni ya wake zao. Mashehe na mapadri huwekewa ya tangawizi wote sawa, kwa kuwa serikali haina dini. Wananchi wanaokaa juani hawawekewi kitu, lakini wanaruhusiwa kupiga makofi chupa zinapofunguliwa.

Na maji? Maji, ndugu yangu, ni kufukuzwa kazi. Utamuni mkubwa hafukuzwi kwa maneno, huo ni ukatili. Mtukufu Kiongozi akikuchoka, siku ya hafla unafika kwenye kiti chako unakuta, mahali pa chupa, pamewekwa glasi ya maji. Basi. Unainuka, unashukuru kwa imani uliyopewa, unatafuta usafiri wa kwenda kwenu. Niliwahi kumwona waziri mzima aliyeikuta glasi hiyo kwenye mahafali ya chuo. Akaisogeza taratibu kwa kidole kimoja mpaka mbele ya waziri mwenzake. Mwenzake akairudisha. Wakasukumana hivyo hotuba nzima ya mkuu wa chuo, wote wawili wakitabasamu kwa ajili ya kamera.

Ndiyo maana mtu mwenye heshima zake Utamuni hanywi maji mbele za watu. Hata nyumbani, mgeni akija ukampa maji matupu, atatoka hapo akitangaza mtaa mzima kwamba umemtimua.

*

Wilayani kwetu tulikuwa na Mkuu wa Wilaya aliyeitwa Mheshimiwa Masoud Kitwana. Alikuwa mtu mwema, nami nilimpenda, nasema wazi. Kazi yake ilikuwa kufungua vitu. Alifungua shule, akafungua choo cha shule, kisha wizara ilipoleta mlango akarudi kufungua mlango wa choo cha shule. Kila alichokifungua kilifunguliwa pamoja na soda nyeusi. Wenyeji hawakukubali aondoke bila ya pili, ya heshima, wala bila ya tatu, ya safari. Akifika nyumbani anakuta wageni, na mgeni hawezi kuachwa anywe peke yake.

Mheshimiwa akaanza kushikwa na kiu. Kila alipokunywa kiu ilizidi, na kila kiu ilipozidi aliongezewa soda, kwa sababu watu wetu ni wakarimu. Akawa anakatiza hotuba kwenda haja ndogo. Afisa itifaki, Bwana Zabloni, alikuwa akitangaza kwamba Mheshimiwa amekwenda kushauriana, na wananchi wakamsifu kwa kuwa hakuwahi kutokea kiongozi anayeshauriana kiasi kile. Kisha macho yakaingia ukungu. Siku moja alisimama mbele ya kalavati akasoma hotuba ya zahanati, akawahimiza akina mama wajawazito wakajifungulie humo. Tulipiga makofi. Na mguuni, mahali alipochubuliwa na kiatu kipya, pakawa na kidonda kisichopona.

Aliyejua kuna jambo ni mkewe, Bi Mwanaidi. Aliona sisimizi wamejipanga mstari kuelekea chooni kwa mumewe, wanakwenda na kurudi kana kwamba wameitiwa shughuli. Mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa wa sukari, alikatwa mguu kwanza, akafa baadaye. Kwa hiyo Bi Mwanaidi hakuhitaji kuelezwa. Alimkuta mumewe sebuleni na chupa mkononi, akampokonya.

"Baba Nargis, kesho hospitali."

"Kesho nafungua daraja, mama."

"Daraja litajifungua lenyewe. Nilimbeba mama yangu mgongoni, wewe sikuwezi, umenenepa."

Hospitalini walimkuta Daktari Kokushubira, mwanamke mfupi mcheshi ambaye hakuwa na adabu ya vyeo. Juu ya kichwa chake lilining'inia bango la wizara lenye picha ya mtoto mchanga aliyekumbatia chupa, na maneno: SUKARI NI NGUVU YA TAIFA. Alimtoboa Mheshimiwa kidole, akasubiri, akatazama kile kipimo, akaguna.

"Mheshimiwa, sukari yako imepanda cheo kukupita."

Akamwekea mbele glasi ya maji, kopo la sukari na kijiko, akamwambia atie sukari mpaka ifikie ile iliyomo kwenye chupa moja ya soda yake. Mheshimiwa akatia vijiko viwili, akaweka kijiko chini. Daktari akatikisa kichwa. Akatia vingine. Daktari akatikisa kichwa. Aliendelea kutia mpaka chini ya glasi ikalala sukari isiyotaka kuyeyuka.

"Sasa nani anakunywa uchafu huu?" Mheshimiwa akauliza.

"Wewe. Wenzako wanautia rangi na gesi ili usione haya."

Kisha akamwambia la kufanya, na halikuwa gumu: anywe maji. Akiyachoka maji, anywe chai ya mchaichai au ya tangawizi isiyo na sukari, kahawa chungu, mtindi wenyewe bila kuukoroga na kitu. Tunda alitafune, asilikamue. Dawa atapewa, ila dawa peke yake haiwezi kupigana na kreti zima.

"Daktari, hivi unajua unaniambia nini?" Mheshimiwa akasema. "Nikinywa maji mbele za watu nimejifukuza kazi."

"Na usipoyanywa, utakuwa Mkuu wa Wilaya asiyeiona wilaya. Mguu nao haujaamua bado."

Bi Mwanaidi ndiye aliyenihadithia kwamba mumewe alilia hapo, machozi kabisa, chini ya bango la mtoto anayecheka. Alikipenda kiti chake. Tusimcheke, nani asiyekipenda kiti?

*

Siku chache baadaye Bi Mwanaidi alinifuata ninapotengenezea spika zangu. Hakukaa.

"Fundi, hebu nifanyie mlio wa soda inapofunguliwa."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa mdomo."

Hapa nieleze kidogo. Itifaki ya Utamuni inataka chupa ya mkubwa ifunguliwe mbele ya kipaza sauti, ili umati wote usikie ule mlio na kuridhika kwamba serikali ipo. Anayeshika kipaza sauti ni mimi. Na Bi Mwanaidi alikuwa ameshaandaa chupa za soda nyeusi alizozisafisha, akazijaza kahawa chungu, akazirudishia vizibo vyake kwa ufundi ambao sitaueleza. Rangi ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni sauti.

"Pshiii," nikafanya.

"Tena, ila usitoe mate."

Nikajizoeza. Hafla ya kwanza ilikuwa ufunguzi wa madarasa mapya. Kizibo kikang'olewa, mimi nikageuza uso pembeni kama mtu anayekagua waya, nikafanya pshiii, uwanja mzima ukapiga makofi. Mheshimiwa akapiga funda la kwanza. Huyu ni mtu ambaye tangu azaliwe alikuwa hajawahi kunywa kahawa isiyo na sukari. Uso ulimkunjamana wote, jicho moja likafumba, na lile lililobaki wazi likaangukia kwa mkandarasi aliyejenga madarasa.

Mkandarasi akasimama. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mheshimiwa, nitayarudisha!" akapiga kelele. "Yale mabati nimeezekea kwa mama mkwe! Kesho nayang'oa!"

Umati ulishangilia mpaka spika zangu zikakoroma. Wiki iliyofuata, kwenye hafla ya ushirika, Mheshimiwa alipiga tena funda, uso ukakunjamana, na mwenyekiti wa ushirika akaungama habari za mbolea kabla hajaulizwa. Redio ikamwita Kiongozi Asiyecheka. Watu wakaanza kuomba aje awafungulie vitu ambavyo vilikuwa wazi siku zote, ili tu akunje uso kidogo.

Nyumbani mambo yakawa mazuri. Kiu ilipungua, haja ndogo ikashika adabu, kidonda kikaanza kukauka pembeni. Mheshimiwa akaweza tena kusoma hotuba bila kuruka mistari, jambo lililowahuzunisha wasikilizaji. Akaja hata kuipenda kahawa yake, lakini mbele za watu aliendelea kukunja uso kwa ajili ya maendeleo ya wilaya. Bi Mwanaidi alikuwa na furaha ambayo hakuificha, alipika huku anaimba.

*

Ndipo Mtukufu Kiongozi mwenyewe akaamua kuja kwetu kufungua Kiwanda cha Taifa cha Soda.

Alikuja na magari mengi na hotuba moja ndefu. "Ndugu wananchi," alisema, "nchi nyingine zimejaliwa dhahabu. Nyingine zimejaliwa mafuta. Sisi Mungu, kwa hekima yake, ametujalia kiu. Na taifa lenye kiu halishindwi!" Makofi. "Wapo wanaouliza, kwa nini tujenge kiwanda cha soda wakati bomba la maji halijafika? Nawajibu: bomba linafikisha maji, lakini je, linafikisha utu?" Makofi tena. Mimi nilipiga kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine ulikuwa na kipaza sauti.

Mheshimiwa Kitwana alikaa kando ya Mtukufu, mbele yake chupa yake ya kahawa. Mlio tayari nilikuwa nimeshautoa. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka Bwana Zabloni aliposimama.

"Sasa kama ishara ya upendo," akatangaza, "Mtukufu atabadilishana chupa na mwenyeji wake. Kila mmoja atakunywa ya mwenziwe mpaka iishe, mbele yenu!"

Jambo hilo lilikuwa jipya, Zabloni alikuwa amelibuni asubuhi hiyohiyo ili aonekane anafanya kazi. Kumpa Mtukufu kitu kichungu katika chupa ya soda, mahakama zetu zingekiita sumu, wala zisingesubiri ashushe funda. Kunyonga kulikuwa bado hakujafutwa. Na hata kama Mtukufu angepewa chupa nyingine, ile ya kwake ilikuwa ni soda ya kweli, kubwa, ya pekee, iliyotengenezwa tamu maradufu kwa ajili yake. Kitwana aliitazama. Akamtafuta mkewe kwenye viti vya wanawake. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama, amejishika shavu, anatikisa kichwa kumkataza, na uso wake ulikuwa na hofu tupu.

Mtukufu akanyoosha mkono kuchukua chupa. Kitwana akaiwahi, akaishusha chini ya meza, akainama kwenye kipaza sauti changu.

"Naomba maji," akasema.

Spika zangu nilikuwa nimezifunga vizuri sana siku ile. Watu walisikia mpaka ng'ambo ya mto.

Kabla maji hayajaletwa, Katibu Tawala wake, Bwana Lugome, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Dereva aliondoa gari. Diwani aliyekuwa amemkumbatia asubuhi alimuuliza kwa adabu kama amepotea njia. Glasi ilipofika, Kitwana aliinywa yote akiwa amesimama, akashukuru kwa imani aliyopewa, akatelemka jukwaani. Bi Mwanaidi alimshika mkono wakapanda bodaboda moja, wote wawili nyuma ya dereva, na nilimsikia akimwambia, "Afadhali, Baba Nargis. Afadhali hivi."

Meza kuu haikuwa na amani.

"Nani kamfukuza yule?" Mtukufu akauliza.

Mawaziri wakatazamana. "Amejifukuza, Mtukufu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Hapo ndipo tatizo lilipoonekana ukubwa wake. Ikiwa mtu anaweza kuomba maji akaondoka kazini kwa hiari yake, Mtukufu anabakiwa na kazi gani? Waziri mmoja alishauri Kitwana arudishwe kazini ili afukuzwe vizuri. Aliyeokoa taifa ni Bwana Zabloni.

"Mtukufu," alisema, "kitu chenye nguvu ya kumwondoa mtu kitini bila wewe kusema neno, kitu hicho ni kikubwa mno kuachiwa watu. Kichukue wewe."

*

Jioni ile redio ilitangaza. Kuanzia saa hiyo, maji ya kunywa yangeitwa Kinywaji cha Dola. Yangenywewa na Mtukufu na watu wenye vyeo, basi. Wananchi wangeendelea kuyatumia kwa kupikia, kufulia na kuzimia moto. Kuhusu kiu yao, serikali ilikuwa inawahurumia, na iliwaelekeza wanywe soda za rangi zote, kwani soda kuanzia sasa haikuwa heshima tena bali wajibu.

Polisi wakapewa kazi ya kunusa midomo. Ukinuka machungwa, unapita. Ukinuka tangawizi, unapita. Askari akikunusa akakuta hunuki kitu chochote, umekwisha, maana maji hayana harufu. Watu wakajifunza kutafuna kitunguu kibichi wakishakunywa, na kwenye vyombo vya usafiri hali ilikuwa ngumu.

Sasa sikiliza maajabu. Daktari Kokushubira alikuwa amehubiri maji kwa miaka, mashuleni, misikitini, makanisani, na watu wakimsikiliza huku wananyonya mrija. Yalipopigwa marufuku tu, kila mtu akayataka. Watoto waliokuwa wakibembelezwa kunywa maji wakawa wanayaiba. Vijana wakijigamba nani amekunywa glasi nzima nyuma ya kituo cha polisi. Kwenye harusi, bwana harusi akimpenda mtu kwa dhati alimkonyeza, akampeleka uani, akamchotea kikombe kutoka mtungini. Kina mama wakaanza kuyatilia maji kipande cha ndimu au majani ya mnanaa, wakinong'ona mapishi yao kama wachawi. Nilimkuta daktari amekaa kwenye benchi la hospitali anacheka peke yake mpaka anajifuta machozi.

Ili kuyaficha, ilibidi yatiwe kwenye chupa za soda. Watu wakanunua soda kwa fujo, wakaimwaga mtaroni, wakabaki na chupa. Kiwanda cha Taifa kikatangaza kwamba mauzo hayajawahi kuwa juu namna ile, na Mtukufu akawapongeza wananchi kwa kuitikia wito. Mitaro yetu ilinukia vizuri mno msimu ule.

Aliyeumia ni Kitwana peke yake. Bwana Lugome, aliyekalia kiti chake, hakulala usingizi akijua mwenye kiti yu hai tena anazidi kunawiri. Akatuma askari nyumbani kwake. Wakamkuta kando ya mtungi, kata ya kuchotea maji mdomoni, hata kitunguu hakuwa nacho.

Mahakamani palijaa. Nilikuwepo kwa sababu ya vipaza sauti.

"Ulikunywa maji," Hakimu akasema. "Kwa cheo gani?"

"Kwa cheo cha mgonjwa, Mheshimiwa."

Hakimu akafikiri. "Cheo hicho hakipo." Akapiga funda la glasi yake, maana yeye alikuwa na haki nayo. "Utakwenda gerezani. Huko serikali itakupa soda asubuhi, mchana na jioni, bure, mpaka tabia yako ibadilike."

Bi Mwanaidi akasimama kabla hajaruhusiwa.

"Basi toeni na sanda kabisa," akasema. "Msitutumie nyumbani vipande vipande, leo mguu, kesho jicho. Mtu huyu hakuiba, hakutukana mtu. Ameshikwa na kiu tu! Nyie hamshikwi?"

Alilia kwa hasira, si kwa unyonge. Watu wakaanza kunung'unika, na kwa kuwa walikuwa wengi na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananuka soda, Hakimu aliogopa. Akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alikuwa mpole kama mwenye duka mwanzo wa mwezi. Akatangaza kwamba serikali haikosei, lakini ni sikivu. Mshtakiwa angepewa cheo ili maji aliyokunywa yawe halali kuanzia nyuma. Angekuwa Mjumbe wa Kudumu wa Meza Kuu. Kazi yake ni kukaa. Sharti lilikuwa moja: siku ya Sikukuu ya Dola akae kando ya Mtukufu, anywe Kinywaji cha Dola mbele ya watu wote, ili ionekane hakuna aliyeonewa.

Kitwana alikubali palepale. Ungekataaje? Kiti, na maji, na macho yako, vyote kwa pamoja. Bi Mwanaidi alimfulia kanzu yake mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aiguse.

*

Sikukuu ilifanyika uwanjani, jua likiwa utosini. Meza kuu ilikuwa imependeza. Mbele ya kila mkubwa palikuwa na chupa ya kioo, nyeupe, iliyofungwa utepe, na ndani yake maji yanayong'aa. Mawaziri walikuwa wanakunywa kwa raha ambayo, nakiri, ilinishangaza. Walilamba midomo. Bwana Lugome aliomba ya pili kabla hotuba haijaanza. Nikasema moyoni, tazama, kumbe wakubwa nao wakifundishwa wanafundishika.

"Ndugu wananchi," Mtukufu akanguruma, "sisi tulioko hapa juu tumeubeba mzigo mzito wa maji ili nyinyi mpumzike! Leo mwenzetu huyu, aliyekuwa amepotea, anakunywa pamoja nasi!"

Kitwana akasimama. Nikamsogezea kipaza sauti. Bi Mwanaidi alikuwa safu ya mbele ya wananchi, juani, anatabasamu. Mumewe akainua chupa, akapiga funda moja, akaacha.

Nilimwona akilishikilia lile funda mdomoni, hamezi wala hatemi. Nikageuka kutazama nyuma ya pazia la jukwaa. Bwana Zabloni alikuwa amepiga magoti kando ya pipa, mikono ya shati ameikunja, anakoroga kwa mwiko, na ubavuni mwake gunia la sukari limefunguliwa mdomo. Lingine lilikuwa limeshalala tupu. Wakubwa walijaribu maji matupu kwa siku moja tu, yakawashinda.

Zabloni akaona nimemwona. Akaja mbio mpaka nyuma ya kiti cha Kitwana, akamnong'oneza, "Meza, Mheshimiwa. Kamera zote ziko kwako. Meza upate kiti chako, ni chupa moja tu."

Kitwana akageuza kichwa, akatema. Alitema pembeni, kwa heshima, kwenye chungu cha maua. Kisha akaiweka ile chupa mezani, mbele ya Mtukufu, akaifunga utepe wake vizuri.

"Hii ni soda," akasema.

Ningeweza kukizima kipaza sauti. Kidole kilikuwa palepale kwenye swichi. Sikukizima, na sitaki kujifanya shujaa, nilisahau tu kwa furaha.

Mtukufu alikuwa bado ameshika ya kwake mdomoni na hakujua aishushe au aimalize. Kitwana akavuka mbele yake, akatelemka ngazi za jukwaa, akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa mkewe. Bi Mwanaidi alifungua mkoba, akatoa chupa ya soda ya machungwa, ile ya rangi inayoficha kilichomo, akampa. Mumewe akanywa mbele ya taifa, kwa mafunda makubwa, koo linapanda na kushuka.

Askari mmoja akaja. Alikuwa amesimama juani tangu asubuhi na kofia yake nzito, midomo imemkauka mpaka imepasuka. Akamkaribia Kitwana, akamnusa. Akanusa tena. Bi Mwanaidi akamshika mumewe kiwiko.

"Mzee," askari akasema, "hiyo ni nini?"

"Soda, afande."

"Soda kweli?"

"Kweli."

Askari akatazama jukwaani, ambako wakubwa walikuwa wanagombana na Zabloni. Akatazama chupa.

"Hebu nionje nihakikishe."

Akapewa. Akainua kichwa, akanywa, na alipoanza kunywa hakuacha upesi. Alipoishusha alikuwa amefumba macho. Akajifuta mdomo kwa mkono wa sare, akaigeuza chupa kutazama kimebaki kiasi gani.

"Soda hii," akasema polepole, "ni kali sana."

Kisha akageuka, akampungia mkono mwenzake aliyekuwa amesimama getini, aje naye ahakikishe.